Maswali na Majibu: Paa la Kukunja Linapogoma

Swali: Fundi, gari langu ni BMW Z4 la mwaka 2004. Tangu mvua za wiki iliyopita, nikibonyeza swichi ya paa sisikii mlio wowote. Je, ninunue mota mpya?

Jibu: Usinunue chochote kabla ya kupima umeme. Anza na betri na fyuzi, kwa sababu mota ya paa hula umeme mwingi, na betri iliyochoka huweza kushindwa kuizungusha ilhali bado inawasha injini. Hivyo vikiwa salama, nitashuku maji. Katika Z4 za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa hadi mwaka 2008, mota inayoendesha pampu ya haidroliki (ile inayosukuma mafuta ili kuinua na kushusha paa) imefichwa upande wa kushoto, chini ya uwazi ambamo paa hujikunja, karibu na tundu la kutolea maji ya mvua. Tundu hilo likizibwa na majani na vumbi, maji hujaa na kuizamisha mota (na sijui mtu angechagua mahali pabaya kuliko hapo). Kwa hiyo zibua tundu kwanza, la sivyo mota mpya nayo itazama mvua zikirudi. Kisha itoe mota ya zamani uifungue: ikiwa kutu haijala koili, kuikausha, kuisafisha na kubadilisha kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) kunaweza kuifufua. Wapo mafundi ambao, wakati wa kuirudisha, huihamishia ndani ya buti, nami nawaunga mkono, ingawa kazi hiyo hudai kurefusha nyaya na kupitisha upya mipira ya haidroliki.

Swali: Paa la Mercedes SLK yetu ya mwaka 1998 halifunguki, na fundi hakuona hitilafu yoyote. Tufanyeje?

Jibu: Dada, fungua buti. Pazia linalotenganisha mizigo na nafasi ya paa lisipovutwa na kunaswa mahali pake, mfumo hukataa kufanya kazi, ili bati la paa lisishukie masanduku yenu.

Swali: Paa limekwama katikati na mawingu yametanda. Naweza kulisukuma kwa mkono?

Jibu: Si kwa nguvu, kwa sababu mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda yatakupinga na utapinda fremu. Pampu nyingi zina vali ya kuachia shinikizo, na kitabu cha gari huonyesha ilipo na namna ya kuifungua. Kabla ya kuigusa, pata mtu wa pili alishike paa, kwani shinikizo likitoka, paa linaweza kuporomoka ghafla. Liinueni paa pande zote mbili kwa pamoja, mkiweka vidole mbali na maungio.

Swali: Mafuta yanadondoka kwenye kioo cha kutazamia nyuma cha Mercedes SL yangu ya mwaka 1995. Yanatoka wapi?

Jibu: Juu ya kioo cha mbele zimo silinda ndogo za kufungia paa, na sili zake (mipira inayozuia mafuta yasivuje) hukakamaa kwa umri. Kubadilisha sili kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua silinda mpya. Ukiongeza mafuta, tumia yale yaliyotajwa na mtengenezaji. Mafuta ya breki yatakuharibia sili zilizobaki.