Unataka hisa za umeme na gesi? Anza kwa kuuliza nani anapanga bei

Wanachama wapya wakijiunga na kikundi chetu cha uwekezaji hapa Nyegezi, swali la kwanza huwa ni lile lile: hisa za TANESCO zinanunuliwa wapi? Nawaelewa. Ukiishi Mwanza unaona umeme ukitumika kila kona, kuanzia viwanda vya minofu ya sangara na mashine za barafu za Mwaloni Kirumba hadi saluni na mashine za kusaga za Buzuruga. Nyumbani tunalipia LUKU kabla hata ya kuwasha taa. Biashara ambayo mteja hana pa kukimbilia na pesa anaitanguliza, nani asingetaka kuwa na kipande chake?

Hisa hizo hazinunuliwi popote. TANESCO ni mali ya Serikali kwa asilimia 100, na TPDC, shirika la petroli la taifa, upande wa gesi ni vivyo hivyo. Mtu akikujia Igoma au Buhongwa na fomu ya "hisa za TANESCO", huyo ni tapeli. Kampuni za mitungi ya gesi tunayoiona ikibebwa kwenye bodaboda nazo hazipo Soko la Hisa la Dar es Salaam. TOL Gases ipo, tena ndiyo ya kwanza kuorodheshwa soko lilipoanza biashara Aprili 1998, lakini usidanganywe na jina: inauza oksijeni ya hospitali na ya mafundi wa kuchomelea, na hewa ya ukaa ya viwanda vya soda. Hiyo ni biashara ya ushindani wa kawaida, haina mita kwenye ukuta wa mtu.

Anayetaka hasa kampuni ya umeme katika ukanda wetu ataangalia Nairobi, na hadi juzi juzi aliangalia pia Kampala. Masoko hayo mawili yanafundisha zaidi kuliko darasa lolote, kwa hiyo nitayakalia.

Jambo ambalo ningependa kila mgeni alishike kabla ya kufungua akaunti ni hili: faida ya kampuni ya umeme haitokani na wingi wa watu wanaohitaji umeme. Inatokana na kile mdhibiti atakachoruhusu. Kwetu ni EWURA, Kenya ni EPRA, Uganda ni ERA. Kwa kanuni, mdhibiti anapiga hesabu ya gharama halali za kampuni, anaongeza kiasi fulani cha faida juu ya mtaji uliowekwa kwenye nguzo, nyaya na mitambo, kisha jumla hiyo inagawanywa kwenye uniti. Mahitaji yakipanda wewe mwenye hisa unaweza usione kitu, kwa sababu bei si ya kampuni kuipandisha. Na bei ya umeme ni suala la siasa kila mahali duniani. Hakuna kiongozi anayefurahi kutangaza kwamba imepanda.

Tazama Kenya Power. Ndiyo inayosambaza umeme karibu nchi nzima, Serikali ikimiliki asilimia 50.1, na hisa zilizobaki ziko mikononi mwa umma. Januari 2022 bei ya umeme ilishushwa kwa asilimia 15 kwa uamuzi wa Serikali. Aprili 2023 ikapandishwa tena. Hata hivyo, mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 kampuni ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya, na mwaka uliofuata ikatangaza faida ya shilingi bilioni 30. Wateja ni wale wale, nguzo ni zile zile. Kilichobadilika zaidi ni dola: kampuni ina madeni makubwa ya fedha za kigeni, na shilingi ya Kenya iliporomoka 2023 kisha ikaimarika 2024. Deni la dola likivimba kwenye vitabu, faida inaliwa. Likisinyaa, faida inafumuka. Wenye hisa walikaa miaka kadhaa bila gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa, hadi 2024 lilipotangazwa la senti 70 kwa hisa.

Ndiyo maana kwenye kikundi chetu ripoti ya mwaka hatuianzii kwenye ukurasa wa picha za wakurugenzi. Tunakwenda moja kwa moja kwenye maelezo ya madeni: ni kiasi gani, kwa sarafu gani, yanaiva lini. Kampuni inakusanya shilingi kwa mita na inadaiwa dola benki. Ukilijua hilo tu, umewazidi wanunuzi wengi wanaofuata bei ya jana. Kisha tunatafuta asilimia ya umeme unaopotea njiani, kwa nyaya chakavu na kwa wizi. Kila mdhibiti anaweka kikomo cha upotevu anaokubali kuwabebesha wateja. Unaozidi hapo unatoka mfukoni mwa mwenye hisa.

KenGen, wazalishaji wa umeme wa Kenya, wana hadithi yao. Mwaka 2006 hisa ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90 za Kenya, watu wakapanga foleni. Miaka iliyofuata kampuni ilijenga kweli kweli, hasa mitambo ya jotoardhi kule Olkaria. Lakini mwishoni mwa 2023 hisa hiyo hiyo ilikuwa sokoni kwa karibu shilingi 2, na ikaanza kupanda tena baadaye. Kampuni ilikua, mwenye hisa wa 2006 akabaki nyuma. Ujenzi wa mitambo unameza mtaji, na mtaji huo ni ama mkopo ama hisa mpya zinazopunguza fungu la wale wa zamani. Tena KenGen inauza karibu umeme wake wote kwa mteja mmoja, Kenya Power. Mteja huyo akichelewesha malipo, mzalishaji ana faida kwenye karatasi na hana fedha benki. Kwa hiyo usisome faida peke yake, soma pia mtiririko wa fedha na kiasi ambacho wadaiwa hawajalipa.

Sasa tuvuke ziwa. Kampuni ya Uganda ambayo jina lake ni Umeme ilikabidhiwa usambazaji Machi 2005 kwa mkataba wa miaka 20, ikaorodheshwa Kampala mwaka 2012 na baadaye Nairobi. Ilifanya kazi inayoonekana: upotevu wa umeme ulishuka kutoka takriban asilimia 38 hadi karibu 16. Mkataba uliiruhusu faida ya asilimia 20 juu ya mtaji iliouweka, kiwango kilicholalamikiwa sana hadharani, na Rais Museveni mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolalamika. Serikali haikuongeza muda. Tarehe 31 Machi 2025 mkataba ukaisha, mtandao ukarudi kwa kampuni ya Serikali, UEDCL. Serikali ililipa takriban dola milioni 118 za fidia, kampuni ikadai zaidi kwa kiasi kikubwa, na mgogoro ukaenda kwa wasuluhishi London. Miongoni mwa wanahisa wakubwa ulikuwemo mfuko wa NSSF wa Uganda, maana yake akiba za wafanyakazi wa kawaida.

Hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapopotea. Kampuni yenye mkataba wa mwisho unaojulikana ikikupa gawio nono, sehemu ya gawio hilo si faida. Ni mtaji wako unarudishwa taratibu. Tuseme umenunua hisa kwa 400, imebaki miaka mitano, na gawio ni 40 kwa mwaka. Utakusanya 200. Zile 200 nyingine zinategemea kabisa fidia ya mwisho. Asilimia 10 uliyoiona kwenye simu ilikuwa kivuli. Anayeifahamu hesabu hii ananunua kwa bei ya chini au haigusi, na aliyenunua kwa kuangalia gawio la mwaka jana anashangaa hisa ikishuka huku kampuni ikitangaza faida.

Kwenye gesi kanuni ni hiyo hiyo. Gesi asilia ya Songo Songo huzalishwa na PanAfrican Energy, kampuni tanzu ya Orca Energy Group iliyoorodheshwa Canada. Leseni ya Songo Songo iko kwa TPDC, ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25. Mnunuzi wa hisa ya Orca aliyeona gawio bila kuona Oktoba 2026 hajasoma alichonunua.

Nchi tajiri nazo zina yao. Consolidated Edison ya New York, inayouza umeme, gesi na mvuke, imeongeza gawio kila mwaka kwa takriban nusu karne, na wengi huitaja kama mfano wa utulivu. Lakini Aprili 1974, mafuta yalipopanda bei ghafla, ililiruka gawio na kuwashtua wastaafu waliolitegemea. PG&E, kampuni ya umeme na gesi ya California, iliingia kwenye ufilisi Januari 2019 baada ya nyaya zake kuwasha moto wa Novemba 2018 ulioua watu 85.

Kuna kulinganisha na riba pia. Watu hununua hisa hizi kwa ajili ya gawio, kwa hiyo zinashindana na hatifungani, yaani mkopo unaoipa Serikali au taasisi nayo ikakulipa riba. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na imeorodheshwa Dar es Salaam. Hiyo ni huduma ya umma, ina mita na ina wateja wasio na pa kukimbilia, na malipo yako yameandikwa kwenye mkataba. Kwa mwalimu au muuza dagaa anayeanza, naona ni bora kuanzia huko au kwenye hatifungani za Serikali. Hisa ya umeme inayotoa gawio la asilimia 6 kwa sarafu ya nchi nyingine lazima ikuoneshe ukuaji wa kueleweka, la sivyo unabeba hatari bila ujira.

Ukiamua kwenda Nairobi, muulize dalali wako mambo haya kabla hujatuma shilingi: ada yake na ya mwenzake wa Kenya kwa jumla, kodi itakayokatwa kwenye gawio, gawio litafika kwenye akaunti ipi na kwa kubadilishwa kwa bei gani, na hisa zitaandikwa kwa jina lako au la wakala. Yaombe kwa maandishi. Akikujibu kwa mdomo tu, nenda kwa dalali mwingine mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini.