Povu la mwarobaini linapanda hadi kwenye kondensa

SWALI: Niliziloweka gramu 100 za unga wa majani ya mwarobaini katika lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, nikachuja, nikamimina yote kwenye flaski ya lita 1 ya rotavepa (mashine inayozungusha flaski kwenye maji ya moto, huku pampu ikipunguza hewa ndani ili kimiminika kivukizwe kwa joto dogo). Mwanzoni mambo huwa shwari, kisha povu la kijani hupanda ghafla na kuchafua kondensa nzima (sehemu ya kioo inayopoza mvuke uwe matone). Tena ethanoli ninayoikusanya ni pungufu mno. Bafu la maji ya moto nimeliweka nyuzi 60, na kondensa inapozwa kwa maji ya bomba. Kosa liko wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na ethanoli inayopotea, maana hiyo ni hatari. Kati ya bafu na mvuke iwepo tofauti ya nyuzi 20, na kati ya mvuke na maji ya kupoozea nyingine 20. Kwa dawa za majani tunapendelea bafu la nyuzi 50, mvuke 30, maji 10. Maji ya bomba ya pwani hayafiki huko hata alfajiri. Mvuke ukikutana na kioo chenye joto karibu sawa na lake haugeuki matone. Unapita hadi kwenye pampu, unatoka chumbani, na cheche moja tu ya swichi inatosha kuuwasha. Jaza maji na barafu kwenye ndoo, uyazungushe kwa pampu ndogo ya kuzamisha kama ile ya tangi la samaki. Tazama koili, yaani bomba lililojizungusha ndani ya kondensa: matone yakivuka theluthi mbili kwenda juu, punguza joto la bafu.

Sasa povu. Majani yana saponini, ambazo hutoa povu kama sabuni. Ethanoli ikiwa nyingi hulizuia povu, ndiyo maana mwanzo ni shwari. Ikishatoka, yanabaki maji na saponini, nawe bado unavuta ombwe lilelile (hewa iliyopunguzwa kwa pampu). Hapo ndipo linapopanda.

Usijaze flaski zaidi ya nusu. Gawanya mchujo mara mbili. Zungusha kwanza, mizunguko kama 100 kwa dakika, ndipo uvute ombwe. Anzia milibari 200 (kipimo cha shinikizo ndani ya mashine), shuka polepole hadi 110 hivi, ethanoli inapochemka kwa nyuzi 30. Mkono usibanduke kwenye vali ya hewa. Utaona viputo vidogo, vizito, vinashikamana kwenye ukuta wa flaski badala ya kupasuka: papo hapo ingiza hewa kidogo, povu litaanguka. Kitega povu cha kioo kati ya flaski na kondensa kinafaa sana. Kikijaa, dondoo linarudi kwenye flaski, halipotei.

Kuondoa maji yaliyobaki kwa nyuzi 30 kunahitaji milibari 42 hivi, na kwa mwarobaini ni kusumbuana na povu. Heri uishie hapo, umimine kwenye bakuli pana ulilokwisha kulipima uzito, ukaushe kwenye tanuri la nyuzi 40, au kwa mashine ya kukaushia kwa kugandisha kama ipo. Ukoko uliobaki kwenye flaski usiukwangue. Uoshe kwa mililita 10 za ethanoli, uongeze bakulini, la sivyo hesabu ya mavuno itakuwa pungufu.

Unapomaliza, inua flaski kutoka kwenye bafu, acha izunguke, fungua vali taratibu, ndipo uzime pampu.