Barua kwa mwanangu: Babu amepumzika

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Uliniuliza juzi kwenye simu kama kupumua na kupumzika ni neno moja, maana mwalimu wenu kasema la pili limezaliwa na la kwanza. Kasema kweli. Mtu akitua mzigo akashusha pumzi, si ndiyo amepumzika? Wachewa wa Malawi hawakuhangaika hata kuyatenga: kupuma kwao ni kuvuta pumzi, na ni kupumzika pia. Na pumu yako iliyokuwa ikitukesha imo kwenye ukoo huohuo.

Ningeishia hapo, lakini neno hili mimi nina kisa changu nalo.

Mwaka 1974, msimu wa karafuu, nilikuwa na miaka 8. Babu alikuwa mgonjwa pale Wete, Pemba, usiku kucha tukimsikia akitweta. Asubuhi mama yuko uani, kainama juu ya jamvi, anachambua: makonyo huku, karafuu huku. Mjomba akatoka chumbani, akanishika bega. "Kamwambie mamako, babu amepumzika."

Nikakimbia. Nikasema kama nilivyotumwa, tena kwa furaha, kwani na mimi nilikuwa siusikii tena ule mtweto. Mama hakuinua uso.

"Alhamdulillahi. Waambie wasimuamshe."

Akaendelea na karafuu zake mpaka kilio kilipopigwa ndani.

Nimekwambieni toka mko wadogo: neno halina kosa, kosa la aliyelibeba. Basi kosa langu? Mtoto wa miaka 8! La mjomba, basi; angesema "amefariki" tungeelewana. Lakini naye kafiwa na babake saa ileile, katafuta neno lisilokata. Simhukumu. Ingawa mtu mzima, kumtuma mtoto... haya, simhukumu.

Mama hakunigombeza hata siku moja. Ila mpaka uzeeni, nikiaga nakwenda kupumzika, alinijibu, "Sema unakwenda kulala." Wewe ulikuwa ukimcheka, ukidhani ni ukali wa Kiswahili cha kizee.

Mwalimu akitaka mfano, usimpe huu. Mpe wa babako, ambaye kila wiki timu yake inapumulia mashine na bado hatujaalikwa maziko.

Wasalaam,
Mamako