Uwanja wa emu uwe mrefu

Swali: Nina nusu eka iliyo wazi kando ya mikorosho yangu hapa Nachingwea. Je, inatosha kufugia jozi ya emu, wale ndege wakubwa wasioruka wanaofanana na mbuni, na banda liweje?

Jibu: Inatosha, ndugu msomaji, mradi uwanja uwe mrefu kuliko upana wake, kwa kuwa ndege huyu wa Australia hukimbia hadi kilomita 50 kwa saa. Zungushia wavu wa matundu madogo wenye kimo cha meta 1.8, na nakusihi usitumie seng'enge ya miiba, ambayo humchana shingo anapoparamia uzio kwa hofu. Banda la kuta tatu lililoezekwa makuti linafaa. Sakafu iwe ya mchanga mkavu, kamwe si saruji laini, kwani akiteleza miguu hutanuka na huenda asiinuke tena.