Kuomba na kumeza dawa: maswali ya wasomaji kuhusu msiba

SWALI: Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita. Naamka saa tisa usiku, silali tena. Chakula hakipiti, hata ibada haina ladha. Daktari amenianzishia dawa za sonona, leo ni siku ya kumi na sioni nafuu. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema nizitupe, nifunge siku tatu kavu, kwamba huzuni ndefu ni kukosa imani. Nifanyeje? (Mjane, Morogoro)

JIBU: Pole sana, mama. Dawa usizitupe. Siku kumi ni chache: nyingi huanza kuleta nafuu kati ya wiki ya pili na ya nne, na nguvu yake kamili huweza kuchukua wiki sita hadi nane. Maudhi yake, kama kichefuchefu, kinywa kukauka au kusinzia, hutangulia, ndiyo maana wengi huziacha kabla hazijafanya kazi. Ukipona utaendelea nazo kwa miezi sita hivi au zaidi, kisha daktari azipunguze taratibu. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, na ugonjwa huweza kurudi.

Mfungo mkavu uache kwa sasa. Soma 1 Wafalme 19: Eliya amechoka mpaka anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la Mungu, “Unafanya nini hapa?”, lilimkuta baadaye Horebu, akiwa ameshakula na kulala. Nawe anza na mwili. Kula kidogo kila baada ya saa tatu au nne, hata kikombe cha uji. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Amka wakati uleule kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukiona umekaa macho kama dakika 20, toka kitandani, keti penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Maombi ya kulia yahamishie jioni mapema. Yakifanyika kitandani kila usiku, mwili huzoea kukesha hapo.

Huyo mama wa maombi huenda anakupenda, lakini amekosea, na kosa lake lina madhara. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ametafiti kwa miaka mingi namna watu wanavyoitumia dini katika mateso. Wanaomwona Mungu kama mwenzi wa safari kwa kawaida hustahimili vizuri zaidi. Wanaoamini kwamba anawaadhibu au amewatupa huelemewa zaidi. Mfiwa akiambiwa kwamba hana imani, anasukumwa upande huo wa pili.

Biblia yenyewe inakuruhusu kulalamika. Zaburi 13 ina mistari sita tu: miwili ya kwanza inauliza “hata lini”, miwili inaomba, miwili inatumaini. Chukua daftari, andika yako kwa mpangilio huo, dakika 15 hadi 20, siku nne. Sehemu ya matumaini isipokuja, usiilazimishe. Zaburi 88 inaishia gizani, na imo katika Maandiko. Angalia jambo moja: ukijikuta unarudia sentensi ileile, “ningempeleka hospitali mapema”, bila jipya lolote, hapo umeanza kujitesa. Geuza ukurasa, uandike ulijua nini siku ile na ulifanya nini kwa ulichokijua. Vile vile chagua tendo moja dogo la kila siku lenye saa yake, kama kwenda kwa jirani saa kumi jioni. Usingoje kujisikia vizuri ndipo uende; hamu huja baada ya kutenda.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa. Nikimtembelea mfiwa niseme nini? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Machache. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno. Walipoanza kumweleza sababu za mateso yake ndipo walipoharibu. “Kazi ya Mungu haina makosa” ni kauli ya imani, lakini mwache mfiwa aifikie mwenyewe. Mwite marehemu kwa jina, uliza alikuwa mtu wa namna gani, kisha sikiliza. Rudi baada ya arobaini, wageni wakishaondoka.

Ukimsikia akisema hana haja ya kuishi, muulize wazi, faraghani: “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wengi hupumua kwa kuwa wamepata wa kumwambia. Akikubali, hasa kama ameshapanga namna ya kufanya, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ondoa nyumbani viuatilifu na akiba ya vidonge, mpe ndugu mmoja jukumu la kumgawia dawa za siku hiyo tu, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, wewe ukiwa naye hadi aonwe. Maombi mnaweza kuyafanya mkiwa njiani.