Kichekesho kiwe asilimia ngapi kwenye filamu ya mtu aliyeharibikiwa?

SWALI: Naandika skripti kuhusu mwanamuziki aliyetamba sana, kisha pombe ikammaliza. Jukwaani alikuwa mcheshi kupindukia, nyumbani alikuwa akimpiga mkewe. Mwalimu mmoja wa mtandaoni kaniambia kila baada ya sini nzito niweke ya kuchekesha, asilimia 40 kwa 60, ili watazamaji wapumue. Uwiano huo ni sahihi?

JIBU: Hakuna uwiano. Skripti zilizopimwa kwa kijiko namna hii zinanifikia kila mara, na zote zinafanana: watu wanazika, mjomba anajikwaa kaburini. Anayeuza fomula hiyo angekaa siku moja tu chumba cha kuhariri, angeona jinsi huyo mjomba anavyokata majonzi, na sini inayofuata ikalazimika kuanza kuyajenga upya.

Kicheko na uchungu vinapaswa kutoka kwenye jambo lilelile. Tazama filamu ya Ed Wood ya Tim Burton (1994). Bela Lugosi, mwigizaji aliyecheza Dracula, yule mnyonya damu, kwenye filamu ya mwaka 1931, sasa ni mzee aliyezama kwenye mofini. Usiku wa baridi, wakati wa kurekodi filamu, anaingizwa majini apigane na pweza wa mpira. Mota ya pweza haipo, kwa hiyo mzee mwenyewe anaitikisa ile minyiri huku akipiga mayowe kana kwamba anauawa. Hakuna aliyechomeka utani pale. Kinachochekesha ni kwamba anaifanya kazi ile ya kipuuzi kwa moyo wake wote, na kinachoumiza ni hichohicho. Martin Landau, aliyemwigiza, alipata Oscar.

Sasa mwanamuziki wako. Jiulize nani anachekwa, na nani anabeba gharama ya kicheko hicho. Akisahau mashairi jukwaani akayatunga palepale, tucheke. Kipigo ni habari nyingine. I, Tonya (2017) ilithubutu: Tonya Harding, mwanamichezo wa kuteleza kwenye barafu, anapigwa na mumewe, kisha anatugeukia na kuzungumza na kamera. Wapo wakosoaji waliokerwa, na siwalaumu. Lakini baadaye anatugeuzia kibao: sisi tuliomfanya kichekesho baada ya kashfa ya 1994, ya kushambuliwa kwa mpinzani wake Nancy Kerrigan, nasi tumo kwenye orodha ya waliomshambulia. Skripti yako inatudai wapi sisi tunaocheka? Halafu soma sini za mke peke yake, mwanzo hadi mwisho. Kama ni vipigo na machozi tu, na hakuna hata pahali pamoja anapochekesha yeye, bado hujamwandika.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaowafundisha vijana kwamba “kisa cha kweli” ni ruhusa ya kila kitu. Mlevi wao lazima apepesuke, wakati mlevi wa kweli anahangaika aonekane mzima, na ndipo penye kichekesho na msiba wake kwa pamoja. Mgonjwa wa akili wao lazima aongee peke yake barabarani. Mtu halisi aliyeacha watoto wanaoweza kuiona filamu hiyo anageuzwa kikaragosi, kisha mwanafunzi anaambiwa atafidia kwa maandishi ya heshima mwishoni na muziki mchangamfu wakati wa kuhariri. Sini ikigoma kuchekesha na ikagoma kuumiza, anauziwa kozi ya pili.