Jibu: Kwa nini jeshi lisitegemee Starlink tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini Uingereza inahangaika na Skynet 6A, setilaiti ya mawasiliano ya jeshi lake, wakati Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni binafsi, ipo na ina kasi. Kasi ipo kweli: Starlink iko kama kilomita 550 juu, Skynet karibu 36,000, kwa hiyo sauti ikipita Skynet inachelewa. Ila askari wa ardhini anahitaji pia masafa ambayo adui atapata tabu kuyavuruga, na mtandao ambao mwenye kampuni hawezi kuuzima akiamka vibaya.

Kumbuka Februari 24, 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, maelfu ya modemu za KA-SAT, mtandao wa setilaiti wa kibiashara, zilikufa kwa shambulio la kimtandao. Hata mitambo ya umeme wa upepo Ujerumani iliyotumia mtandao huo ikapoteza mawasiliano. Baadaye Starlink ikaziba pengo, sikatai.

Mimi ningechanganya: amri zipite Skynet, video za droni zipite kwa kampuni. Lakini kinachosahaulika kwenye mipango ni vifaa vya chini. Marekani ilirusha setilaiti 5 za MUOS, za mawasiliano ya jeshi lake, kati ya 2012 na 2016, halafu redio za kutumia uwezo wake mpya zikachelewa miaka. Setilaiti juu, askari bado ana redio ya zamani mgongoni.